Hela ya ulinzi shirikishi: nani ana haki ya kuuliza imeenda wapi? Mkutano wa mtaa, diwani au baraza?

Mkazi wa Pembezoni

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo kwa wale wanaoyajua haya mambo ya serikali za mitaa maana mi nimekwama na watu wa kwetu wameshaanza kugawanyika.

Tunaishi pembezoni mwa Dar, mtaa siutaji maana mwenyekiti naye yumo humu mitandaoni. Tangu ile misukosuko ya panya road (magenge ya vijana waporaji) ya 2022 kila kaya inatoa elfu 3 kwa mwezi ya ulinzi shirikishi, wenye fremu elfu 5, wenye baa wanapangiwa yao. Kijana anapita nyumba kwa nyumba na daftari la shule, anaandika jina, anaweka tiki, anaondoka, risiti hamna. Mwanzoni hakuna aliyelalamika kwa sababu usiku filimbi ulikuwa unazisikia na ukirudi saa sita unakutana na walinzi wanakuuliza unatoka wapi. Sa hivi filimbi kimya. Juzi kati nyumba mbili zimevunjwa, dogo wa bodaboda kaporwa pikipiki kwenye kichochoro cha kwenda sokoni, pale taa imekufa siku nyingi na ukiuliza huyu anasema ya TARURA (wakala wa barabara) yule anasema ya TANESCO (shirika la umeme), bas ndo imebaki hivyo hivyo giza.

Kwenye mkutano wa mtaa nikanyoosha mkono nikauliza kistaarabu tu, jamani tunaomba tusomewe mapato na matumizi ya hela ya ulinzi, walinzi wako wangapi na wanalipwa kiasi gani. Mwenyekiti akasema, namnukuu, "mambo ya ulinzi na usalama hayajadiliwi hadharani". Ukumbi ukanyamaza. Mzee mmoja akapiga makofi, sijui alikuwa anashangilia nini.

Sasa swali langu, ni kweli hela ya ulinzi haihojiwi kwenye mkutano? Na kama mtaani wamegoma, ngazi inayofuata ni ipi, diwani, mkurugenzi, baraza la madiwani, au niende moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya? Sitaki ugomvi na mtu, nataka tu kujua mlango wa kugonga.

---

Kitonga

Mkuu hiyo hela imeshaliwa, we endelea kulala na panga chini ya kitanda. Siku hizi ukitaka ulinzi weka fensi ya umeme na mbwa wawili.

---

Mtendaji Mstaafu

Mleta mada, nimefanya kazi ya utendaji wa kata miaka mingi kabla sijapumzika, nitakujibu kwa kirefu kidogo uvumilie.

Kwanza hilo jibu la mwenyekiti lina kaukweli kadogo ambako amekatumia vibaya. Yapo mambo ya ulinzi ambayo kweli huwezi kuyasoma mkutanoni, kwa mfano zamu za doria zimepangwaje, nani analinda kona ipi, nani anashukiwa, nani kaleta taarifa za siri kuhusu wauza bangi. Ukiyasema hayo hadharani unaweza kumuuza mtoa taarifa na familia yake. Lakini hela iliyokusanywa kiasi gani, imelipwa kwa nani, imebaki ngapi, hiyo ni hesabu ya wananchi kama hesabu ya choo cha shule. Haina usiri wowote.

Halafu elewa mtaa ni kitu gani. Kijiji kimesajiliwa, kina halmashauri yake ya kijiji, kinaweza kutunga sheria ndogo na kuwa na akaunti, na mkutano mkuu wa kijiji ambao kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Mtaa wa mjini hauna mamlaka hiyo yote, una mwenyekiti wa kuchaguliwa (wa sasa hivi wengi ni wa ule uchaguzi wa Novemba 27, 2024), una kamati ya mtaa, na una afisa mtendaji wa mtaa ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Huyu mtendaji ndiye wa kumshika. Mwenyekiti ni mwanasiasa, akikununia amekununia mpaka uchaguzi mwingine, ila mtendaji ana mwajiri, ana jalada, ana barua ya kujieleza inamsubiri.

Kwa hiyo usiulize "hela iko wapi", hilo swali linajibiwa kwa hasira. Omba makaratasi. Omba muhtasari wa mkutano ulioridhia kila kaya itoe elfu 3, maana mchango wa namna hiyo lazima uwe umekubaliwa na wakazi kwenye mkutano na uandikwe. Mara nyingi sana utakuta muhtasari haupo, au upo na unasema elfu 2. Omba kuona stakabadhi zilizotumika. Halafu omba orodha ya malipo ya walinzi, wanaopokea posho wanasaini, na kama hawajasaini popote bas hapo ndo penye tatizo lako, huna haja ya kutafuta zaidi.

Mtendaji akizungusha panda kwa mtendaji wa kata. Huyo ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile WDC, mwenyekiti wake diwani, na wenyeviti wote wa mitaa ya kata ile ni wajumbe. Yaani mwenyekiti wako anakaa pale mbele ya wenzake na anaweza kuulizwa. Diwani akiona jambo ni zito analibeba kwenye taarifa ya kata inayosomwa baraza la madiwani linapokaa kila robo mwaka, na mkurugenzi ambaye ndiye katibu wa baraza analazimika kujibu. Kikao cha baraza ni cha wazi, mwananchi unaruhusiwa kwenda kukaa na kusikiliza, hutaongea ila utasikia diwani wako kama kaongea au kalala.

Kwa mkuu wa wilaya usikimbilie. Yule ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ukimpelekea hesabu za elfu tatu tatu atairudisha kwa mkurugenzi, mkurugenzi ataishusha kwa mtendaji wa kata, na itamkuta mtendaji wa mtaa mezani ikiwa na jina lako.

---

Mkazi wa Pembezoni

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye muhtasari umenigusa, maana mi nimehamia baadaye nikakuta tayari watu wanalipa, sijawahi kumsikia mtu anasema alikuwepo siku ya kupitisha.

---

Mtendaji Mstaafu

Marahaba. Anza hapo hapo basi.

---

Bin Kassim

Mzee umeeleza vizuri lakini tusidanganyane, diwani wa sasa hana meno. Hebu hesabu. Barabara za mtaa zilikuwa za halmashauri, 2017 ikaja TARURA zikaenda. Maji vijijini 2019 yakaenda RUWASA, mjini ni mamlaka za maji. Zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri za miji, sheria ya 2007 ikaifanya jeshi la serikali kuu chini ya Mambo ya Ndani. Polisi haijawahi kuwa yake. Umeme TANESCO. Kamati ya ulinzi mwenyekiti DC. Sasa diwani anasimamia nini kwenye usalama, anasimamia filimbi? Mwananchi akiibiwa kwenye giza anamtukana diwani, diwani anaandika barua kwa meneja wa TARURA ambaye hamwajiri wala hamfukuzi, bajeti yake inapita bungeni huko. Tunampigia kelele mtu ambaye naye anaomba kama sisi.

---

Mama Shukuru

Kaka Bin Kassim umesema kweli nusu. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa awamu iliyopita, nikuambie kilichotusaidia sisi.

Hao TARURA, polisi, watu wa maji, wote wanaweza kualikwa WDC na wanakuja, hasa mkiwaandikia mapema na mkawa na jambo moja linaloeleweka. Tulikuwa na kivuko cha mbao juu ya mfereji, watoto wanapita kwenda shule, mvua ikija mbao zinaelea. Tulipokuwa tunalalamika jumla jumla "miundombinu mibovu" hakuna aliyesikia. Tulipoandika kivuko kipo wapi, kinatumiwa na watoto wa shule gani, na tukapiga picha siku ya mvua, mtu wa TARURA alikuja kwenye kikao akaulizwa na diwani mbele yetu na ikabidi aseme kimewekwa kwenye bajeti ama hakijawekwa. Alisema hakijawekwa. Sawa, lakini sasa tulijua, na kikawekwa mwaka wa fedha uliofuata. Diwani hakuhitaji meno, alihitaji swali.

Kingine ndugu mleta mada, hukuuliza vibaya ila umeuliza mahali pabaya. Najua uliuliza kwenye MENGINEYO. Wote tunauliza kwenye mengineyo, jua limezama, akina mama wanawaza kupika, wenyeji wameshaanza kukunja viti, hapo mwenyekiti akisema neno lolote linapita. Andika barua kabla ya mkutano uombe "taarifa ya mapato na matumizi ya ulinzi" iwe ajenda yenye namba yake. Ajenda ikishaandikwa lazima iandikiwe na majibu kwenye muhtasari, na muhtasari unasomwa mkutano unaofuata kwenye yatokanayo. Hapo mtu hakimbii. Na nenda na wenzako, akina mama hasa, sisi ndo tunaotoa hiyo elfu 3 mlangoni wanaume mkiwa kazini, halafu mkutanoni tunakaa nyuma.

---

Sungusungu Original

Mimi natokea Kahama, hii habari ya ulinzi wa wananchi imeanzia kwetu Usukumani na Unyamwezini miaka ya themanini mwanzoni, ng'ombe walikuwa wanaibwa na watu wanauawa, polisi mbali, wananchi wakajipanga wenyewe na pinde na mishale, serikali ikaja kuwatambua kisheria 1989. Wazee wa kule watakwambia wezi walikoma. Ila hao hao wazee wakikaa vizuri watakwambia na yale mabaya, mtu anahukumiwa porini, anachapwa, anatozwa faini ya ng'ombe, bibi kizee anaitwa mchawi. Hakuna aliyekuwa anawauliza wale makamanda wa sungusungu kitu chochote.

Kwa hiyo mleta mada ukiuliza hela uliza na mengine. Hao vijana wenu wamepitiwa na polisi? Siku hizi kata nyingi zina mkaguzi wa polisi wa kata, huyo anatakiwa awe na majina yao, awe amewapa mafunzo. Wakimkamata mtu wanampeleka wapi? Sheria inamruhusu raia kumkamata anayefanya kosa mbele yake ila amkabidhi polisi bila kuchelewa, haimruhusu kumfunga kwenye nguzo mpaka asubuhi na kumpiga "faini" ya elfu hamsini. Huku mjini nimeona walinzi shirikishi wanavizia vijana wanaorudi kazini usiku, hana kitambulisho anatoa elfu tano anaachiwa. Hiyo hela haiingii kwenye daftari lolote la shule.

---

Kitonga

Hahaha hiyo ya elfu tano imenikuta. Nilikuwa natoka kuangalia mpira.

---

Mwana wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Naona haya mambo ni mamoja tu, huku kwetu jina tofauti.

Sisi baada ya katiba ya 2010 tuna serikali za kaunti na bunge la kaunti, diwani sasa tunamwita MCA, na katiba ibara ya 196 inasema bunge la kaunti lifanye vikao vyake wazi na liwashirikishe wananchi. Kwenye Jedwali la Nne zimamoto na kushughulikia majanga ni kazi ya kaunti, vilevile afya, takataka na barabara za kaunti, kwa hivyo moto ukishika mtaa wa Majengo gari likachelewa najua ni nani wa kumwuliza, gavana na waziri wake wa kaunti wanaweza kuitwa mbele ya kamati ya bunge la kaunti wajieleze. Hapo tumewashinda kidogo.

Lakini polisi ni ya serikali kuu vilevile. Sheria ya huduma ya polisi ya 2011 ilisema kila kaunti iwe na mamlaka ya polisi ya kaunti, gavana ndiye mwenyekiti, waketi na makamanda na wawakilishi wa wananchi, akina mama, vijana, watu wenye ulemavu. Sheria iko, karatasi nzuri kabisa. Nenda uulize watu mtaani kama wamewahi kusikia kikao chake. Kilichobaki ni Nyumba Kumi, ambayo tena nasikia mizizi yake ni kwenu Tanzania, wale mabalozi wenu wa nyumba kumi kumi. Na Nyumba Kumi yategemea mwenyekiti wake ni nani. Mahali kuna mzee mwenye busara inafanya kazi, mahali kuna mtu wa kuuza majina ya vijana kwa polisi imekuwa balaa, na huku Mombasa na vijana waliopotea hilo si jambo la mzaha.

Ndugu yangu wa Dar, hiyo "mambo ya usalama hayajadiliwi hadharani" tunaijua sana huku. Ukiona mtu anaianza hivyo mwambie sawa bwana, usalama weka siri, lete risiti.

---

Bin Kassim

Mombasa umenikumbusha jambo. Mnaona tunavyobishana filimbi wakati kuna usalama ambao ni wa halmashauri kabisa na hakuna anayeuulizia? Majengo. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, kukagua ujenzi ni kazi yao. Novemba 2024 ghorofa limeanguka Kariakoo mchana kweupe watu wanafanya biashara, zaidi ya watu 20 wamekufa, wengine walikaa chini ya kifusi siku kadhaa wanapiga simu. Miaka mitatu kabla, Julai 2021, soko lenyewe la Kariakoo liliungua usiku. Sasa niambieni kamati ya mipango miji ya halmashauri yoyote ile, robo hii imeuliza ni majengo mangapi yameongezwa ghorofa au kuchimbwa chini bila kibali? Diwani anaishi pale pale, anapita chini ya hayo majengo kila siku. Hapo hawezi kusema ni ya TARURA.

---

Mama Shukuru

Hapo nakubaliana na wewe kaka mia kwa mia. Na kamati za kudumu ndo mahali pake, baraza lenyewe linapokea tu taarifa zilizokwisha pikwa kwenye kamati. Watu wanamsubiri diwani aongee barazani kwa sauti mbele ya waandishi, wakati kazi ilitakiwa ifanyike kwenye kamati, ambako hakuna kamera na posho ni ile ile.

---

Jirani Mwema

Mimi nitakuwa tofauti. Elfu 3 kwa mwezi jamani ni shilingi mia kwa siku. Mnataka muhtasari, stakabadhi, ajenda, kwa mia? Mwenyekiti hana mshahara, anapigiwa simu saa nane usiku mtu kapigwa na mumewe, anaenda kwa miguu yake. Mkimzungusha na barua atajiuzulu, atakuja mwingine wa hovyo zaidi.

---

Mkazi wa Pembezoni

Jirani nakuelewa, na mwenyekiti wetu kweli ni mtu wa watu, msiba ukitokea yeye ndo wa kwanza kufika. Ila kaya zetu ni zaidi ya mia nne. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni milioni na ushee kila mwezi, fremu na baa bado. Kama wale walinzi wanne niliokuwa nawaona wangekuwa wanalipwa hata nusu yake wasingeacha kazi. Mmoja wao sa hivi anauza mahindi ya kuchoma stendi, nilimuuliza akasema alidai posho ya miezi mitatu akachoka.

---

Mtendaji Mstaafu

Sasa huyo muuza mahindi ndiye ushahidi wako mkubwa kuliko yote, mwambie aandike anachodai na kwa miezi ipi, asaini.

Jirani Mwema, unayosema kuhusu wenyeviti ni kweli, kazi ile ni ya kujitolea na posho yake ni ya mawazo. Ila mwenyekiti mwema ndiye anayehitaji karatasi kuliko mwizi. Hela ikipotea mikononi mwa kijana wa daftari, mwenye karatasi atajitetea. Nimeona mzee mwadilifu kabisa anamaliza awamu yake kwa aibu kwa sababu alikuwa anapokea hela za watu mkononi na kuziweka kwenye koti.

Na usitegemee mkaguzi atakuja kukusaidia. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua halmashauri, ripoti inakwenda kwa Rais mwisho wa Machi halafu bungeni Aprili, na LAAC, kamati ya bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inawaita wakurugenzi. Ila mchango ambao haukuwahi kupita benki wala kupewa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), mkaguzi atauonea wapi? Hauko kwenye kitabu chochote anachopewa. Ndo maana nasema mkaguzi wa hela ya mtaa ni mkutano wa mtaa.

---

Mkazi wa Pembezoni

Nimewaelewa wote wakuu. Nimeongea na akina mama wawili wa upatu na fundi mmoja wa jirani, tumekubaliana tuandike barua tuombe ajenda. Swali la mwisho, barua tumpelekee mwenyekiti au mtendaji? Na tuwataje TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, humo ndani au tusiwataje?

---

Mama Shukuru

Msiseme. Namba ya TAKUKURU 113 ipo, haiendi popote, itumieni mkishaona karatasi hazina majibu. Ukiianza barua na TAKUKURU umeshatangaza vita na kijana wa daftari ataamka asubuhi daftari limeungua. Andikeni kwa heshima, "tunaomba ajenda ifuatayo", sahihi za watu kumi zinatosha, na msiwasahau wenye fremu maana wao wanatoa zaidi na wana uchungu zaidi. Kuhusu ile taa ya kichochoroni iandikeni barua yake peke yake, msichanganye.

---

Mtendaji Mstaafu

Iandikwe kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mwenyekiti na nakala kwa mtendaji wa kata. Pelekeni nakala mbili mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Wakisema muhuri haupo, mwenye muhuri kasafiri, kaeni hapo hapo kwenye benchi mpaka arudi. Na hiyo yenye muhuri usiirushe kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kabla ya mkutano, najua itakuwasha.